Pombe Iliyolala

Wanaume wa ukoo wa mume wangu walikuja kwangu siku ile na vinywa vikavu, kila mmoja na kibuyu chake kwapani, wakaondoka na kiu ileile waliyokuja nayo. Hilo ndilo lililowaudhi zaidi, wala msidanganyike. Yote waliyoyasema, kwamba marehemu amenikataa, kwamba mikono yangu imekufa, kwamba mwanamke aliyeshuka kutoka milimani hana analolijua bondeni, yalitoka kwenye makoo makavu. Laiti wangelewa, wangenipa shamba pamoja na ndege wake.

Jina langu ni Yosefina. Nilizaliwa juu huko Mahenge, nikaolewa huku chini Ifakara na Teofili, mwanaume mwenye maneno machache na mtumbwi mmoja. Tulijenga karibu na mto Lumemo. Shamba letu la mpunga lilikuwa mahali ambapo maji yakiingia hayana haraka ya kuondoka, na watu waliokuwa wakielekea kijiji cha Mbingu walisimama njiani kulitazama. Hatukujaliwa mtoto. Teofili alikufa kwa kichomi mwaka wa hamsini na tano, mvua za kwanza zilipoanza, nami nikabaki na nyumba, shamba, vyungu vyangu, na shemeji yangu Dionisi. Dionisi alikuwa mdogo wake marehemu, wa tumbo moja. Tangu tulipotoka makaburini macho yake hayakubanduka kwenye lile shamba.

Sasa, katika ukoo wao kuna desturi. Mjane akitimiza mwaka, anapika pombe ya kumaliza matanga kwa mikono yake mwenyewe, kuanzia kuotesha kimea hadi kuchuja. Hakuna anayeruhusiwa kumkorogea wala kumwashia moto. Pombe ikiumuka vizuri, wanasema marehemu ameridhika, na mjane anabaki na kila alichoachiwa. Ikilala, yaani ikikaa chunguni bila povu, nzito na tamu kama uji wa mtoto, wanasema marehemu amekataa. Hapo shamba linarudi kwa ndugu na mjane anarudi kwao. Padri alizijua habari hizi na alizikemea kila mwaka, halafu ukoo ukamwomba misa ya asubuhi, akasoma misa, jioni watu wakanywa.

Mimi sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Mama yangu alikuwa mpishi wa pombe aliyeitwa mpaka vijiji vya mbali, na tangu niolewe pombe yangu haikuwahi kulala. Katika mwaka wa matanga mjane hapiki pombe, basi hii ilikuwa ya kwanza tangu nimzike Teofili, nami niliingoja kwa hamu. Niliagiza ulezi kutoka nyumbani, nikauloweka, nikauotesha chini ya majani ya mgomba, nikauanika, nikausaga. Huo ndio kimea. Unga wa mahindi niliutwanga mwenyewe. Kilichobaki kilikuwa maji.

Mvua zilikuwa zimenyesha juu milimani, na Lumemo ilikuwa ikishuka na rangi ya chai ya maziwa. Nikafanya kama walivyofanya majirani zangu wote wakati wa tope: nilitia majivu ya jikoni kwenye mitungi, nikakoroga, nikaiacha. Tope likazama, maji yakabaki meupe kabisa. Nikapika uji wangu. Niliona uji umegeuka manjano kidogo, nikayalaumu mahindi. Nikaupooza mpaka kidole kikavumilia, nikatia kimea, kesho yake nikauchemsha tena, nikatia kimea cha pili, nikafunika na kungoja. Nilipofunua siku ya watu kuja, chungu kilikuwa kimya.

Desturi yao ni kwamba mpishi anaonja kwanza mbele ya watu, waone hakuna sumu. Kisha anakunywa ndugu wa karibu wa marehemu, na baada yake mkubwa wa ukoo. Nikaonja, nikajua tayari, lakini nifanye nini? Nikampa Dionisi. Akanywa taratibu, akashusha kata, akampitishia mzee Kelestini bila kusema neno. Mzee Kelestini ni kaka wa baba mkwe wangu, mtu mwema, ila katika mambo ya kinywaji hana simile. Alikunywa funda moja akalitema chini.

“Hii ni togwa,” alisema. “Nimetembea kutoka kwangu na goti hili bovu kuja kunywa togwa?”

Dionisi akasimama. “Baba, tusizunguke. Kaka amekataa.”

Nilikifunika chungu changu.

“Baba,” nilimwambia mzee Kelestini, “nimesikia desturi inampa mjane chungu cha pili.”

Alijikuna kidevu. “Kipo, tangu zamani. Cha tatu ndicho hakipo.”

“Basi nitapika cha pili.”

“Ya nini kumsumbua marehemu, shemeji?” Dionisi alisema. “Funga mizigo yako polepole. Nitakusindikiza mimi mwenyewe mpaka kwenye kivuko, uende kwenu salama.”

Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma. Matusi ningeyavumilia.

“Shemeji,” nikamjibu, “kaka yako alikuwa na mdomo. Angetaka kunikataa angenikataa kwa huo mdomo. Asingengoja aingie chunguni.”

Wanawake waliokuwa kando walicheka, kisha wakakumbuka kuwa ni matanga wakajifunika kanga usoni. Mzee Kelestini alisema watarudi mwezi mpya ukionekana, kabla ya watu kuingia mashambani kwa jembe. Alipofika njiani nilimsikia akiuliza kama kuna mtu mwingine karibu aliyepika siku ile.

Togwa yangu niliwapa watoto wa jirani. Wao hawakuona kasoro yoyote.

Walipokwisha kuondoka wote niliketi na vyombo vyangu mbele yangu, nikaanza kuvihoji kimoja kimoja. Nilitafuna kimea: kilikuwa kikavu, kitamu, kikikatika vizuri kwenye jino. Chungu kilikuwa kilekile cha siku zote. Moto ni moto. Mikono yangu niliitazama mbele na nyuma, nikaona mikono tu, yenye masugu. Yakabaki maji, na hapo nilikumbuka jambo ambalo lilinifanya nisimame.

Maji ya pombe sikuwahi kuyateka mimi. Ya kunywa, ya kuoga, ya kufulia, yote niliyabeba kichwani. Lakini kila nilipotaka kupika pombe, Teofili alisema, “Maji ya pombe ni kazi yangu,” akachukua madebe mawili na mtumbwi wake, akaondoka alfajiri, akarudi jua likiwa juu. Nilidhani ni kisingizio cha kwenda kuvua. Kuna siku nilimgombeza kwa kuchelewa, akanitazama tu, akacheka. Sikuwahi kumuuliza aliyatoa wapi, kwa sababu maji ni maji, na mto ulikuwa pale pale.

Asubuhi nilichukua vyungu vitatu vidogo vya kupikia mboga. Katika kimoja nilipika uji kwa maji ya majivu. Katika cha pili nilitumia maji ya kisima cha sokoni, ambayo yana chumvichumvi. Cha tatu nilikipa maji ya mto yaliyotulia yenyewe bila majivu, nikayachuja kwa kitambaa. Kimea kilikuwa kilekile, mikono ileile. Jirani yangu Aurelia, Mndamba wa pale pale mtoni, alikuja kunishangaa.

“Dada, watasema umerukwa na akili. Unapikia wanasesere?”

“Wacha waseme,” nilimwambia. “Ngoja uone.”

Cha majivu kiligeuka manjano, kikabaki kizito, kikalala kama kile kikubwa. Cha kisima kililainika lakini hakikutoa povu la maana, na ladha yake ilikuwa ya machozi. Cha tope kiliumuka, naam, povu lilikuja, lakini lilikuja na harufu ya kambale. Nilimwita Aurelia aonje vyote.

“Sasa niambie,” nilisema. “Marehemu gani huyu anayenikataa kwenye chungu cha majivu, kisha ananikubali nusunusu kwenye chungu cha tope?”

“Lakini majivu tunatia sote, dada.”

“Mnatia kwenye ya kunywa. Pombe mnapika lini?”

Alifikiri. “Kiangazi, baada ya kuvuna. Mto ukiwa safi.”

“Ehe,” nilisema. “Mjane hachagui mwezi wa kufiwa.”

Aurelia alinishauri niende kwa mzee Kelestini na vyungu vyangu vitatu. Nilikataa. Mzee Kelestini hangenihukumu kwa vyungu vya mboga, angevinywa tu na kudai kingine. Kilichotakiwa ni pombe moja iliyoamka, katika chungu kikubwa, mbele ya watu. Nami nilikuwa nimeshaamua kuwa nitayapata yale maji ya Teofili hata ikibidi nionje bonde zima.

Nilianza na Antoni, mume wa Aurelia, kwa kuwa anavua Lumemo kila siku ya Mungu na hakuna mtumbwi unaompita asiuone. Nilimkuta akishona wavu.

“Shemeji Antoni, marehemu alikuwa akienda wapi na madebe?”

Aliona aibu kidogo. “Alikuwa akinipita alfajiri akipanda juu, kule kunakotoka mto, mpaka anapotea kwenye ile kona ya matete. Sikujua anakofika.” Akashusha sauti. “Kusema kweli, mama, mimi nilidhani ana mwanamke huko.”

“Asante kwa kunifariji,” nilimwambia.

Aurelia alikubali kunipeleka kwa mtumbwi wa mumewe, kwa sharti kwamba yeye ataushika upondo tu na hatagusa maji, ili mtu asije akasema nimesaidiwa. Tuliondoka kulipopambazuka. Wavuvi walituona wanawake wawili tukipanda mto na madebe matupu, wakapata la kusema.

“Mama Aurelia, huko juu mnakwenda kuoa?”

“Tunakwenda kutafuta wanaume,” Aurelia aliwajibu. “Hapa tumewakosa.”

Mimi sikuwa na nafasi ya utani. Kila tulipopita mahali maji yanapoingia mtoni, niliteka kwa kiganja nikaonja. Huku tope, huku majani yaliyooza, huku chumvi. Jua lilipanda, mgongo wa Aurelia ukalowa jasho, na mara mbili aliniuliza kama hatujafika mbali vya kutosha. Nilimwambia Teofili alirudi jua likiwa juu, kwa hiyo bado. Tulipita kona ya matete. Tulipita mahali ambapo viboko walikuwa wamelala, Aurelia akiomba kwa Bikira Maria na kwa mizimu ya kwao kwa sauti moja.

Mkono wangu ulikuwa umening’inia majini. Ghafla ulishtuka kwa baridi.

“Simama,” nilisema.

Upande wa kushoto, nyuma ya vichaka, kulikuwa na kijito ambacho usingekiona kama hukitafuti. Kilitoka mlimani moja kwa moja, kikiteremka juu ya mawe, na wakati Lumemo nzima ilikuwa tope, chenyewe kilikuwa safi kama siku ya kiangazi. Nilishuka, nikakifuata hatua chache. Pale mtu alikuwa amepanga mawe kwa ustadi akazuia maji, akaacha shimo lenye upana wa debe. Nilichukua debe langu nikaliweka. Liliingia likatulia bila kuyumba.

Kwenye panda ya mti mdogo kulikuwa na kata mbili zimetundikwa, zimeinamishwa ili zisijae mvua. Ya kwanza ilikuwa na alama ya moto kwenye mpini. Ilikuwa yangu. Niliichoma mwenyewe jikoni nikiwa bibi harusi, ilipotea, na nilimnunia Teofili wiki nzima kwa sababu yake, nikisema mwanaume gani anapoteza mpaka kata ya mkewe. Alikuwa amekaa kimya akala ugali wake. Nilikaa chini kwenye mawe yale nikalia kwa sauti, kilio ambacho sikukilia hata siku ya mazishi, kwa maana siku ya mazishi kulikuwa na watu wengi na kazi nyingi. Nilimlilia mtu aliyekuwa akipiga upondo asubuhi nzima ili pombe yangu isifiwe na watu, na hakuona haja ya kunieleza. Aurelia hakushuka mtumbwini. Aliniacha mpaka nikamaliza.

Kata ya pili mpini wake ulikuwa umezungushiwa uzi mwekundu, umefungwa vizuri. Sikuijua. Niliiacha palepale, maana sikuwa na shida na kata ya mtu.

Nilikunywa. Maji yale hayakuwa na ladha yoyote. Niliteka mwenyewe, nikajaza madebe, nikayafunika kwa majani ya mgomba kama Teofili alivyokuwa akiyafunika, nikayabeba mwenyewe mpaka mtumbwini.

Mngedhani mambo yakawa rahisi baada ya hapo. Hayakuwa. Tulipofika nyumbani nilishikwa na pupa. Niliinjika chungu kikubwa, nikakiacha kipate moto kwanza, kama nilivyozoea siku zote kwa maji yaliyolala ndani ya nyumba yakapoteza baridi. Nikamimina maji ya mlimani, baridi ile ile niliyoyatoa nayo. Chungu kililia. Nilisikia mlio mdogo, ta!, nikaona ufa umeshuka kutoka tumboni mpaka karibu na kitako, na maji yangu yakianza kuzima moto.

Aurelia alikuwa mlangoni. Aliruka mbele, akakumbuka, akasimama na mikono yake hewani.

“Nishike wapi, dada? Nikusaidie wapi?”

“Usiguse kitu!” nilimkemea. “Ukigusa tu, nimekwisha.”

Niliondoa kuni kwa mikono, nikaungua vidole. Nilichota maji yaliyobaki chunguni nikayarudisha kwenye debe, nikakanda unga kwa maji kidogo mpaka ukawa mgumu kama udongo wa mfinyanzi, nikaukandika juu ya ufa nje na ndani. Kisha nikarudisha moto kidogo kidogo, kijiti kwa kijiti, unga ukakauka ukaungana na chungu. Ulivuja hapa na pale, nikaukandika tena. Jasho na moshi vilinitoa machozi, na nilimtukana yule mfinyanzi, nikamtukana Dionisi, nikamtukana mpaka Teofili kwa kuficha kijito chake. Aurelia alisimama pale mlangoni muda wote akijishika kichwa, maskini, nadhani alichoka kuliko mimi.

Maji mengi yalikuwa yamekwenda na jivu. Nilipata uji wa nusu chungu tu. Lakini ulikuwa mweupe, haukuwa na umanjano hata chembe. Safari hii sikuwa na haraka. Niliupooza mpaka kidole kikakaa ndani bila kulalamika, ndipo nikatia kimea. Kesho yake ulikuwa umelainika na kuwa mtamu. Nikauchemsha, nikaupooza, nikatia kimea cha pili, nikafunika kwa majani, nikaweka jiwe juu.

Kungoja ndiko kulikonitesa. Mwezi mpya ulikuwa umeshaonekana, na watu wangekuja asubuhi yoyote. Nilifagia ua uliokuwa umefagiliwa. Nilipita mbele ya chungu kile nikijifanya sikioni. Hatimaye nilipiga magoti nikaweka sikio langu ubavuni mwake, juu ya kandiko la unga, nikasikia: ndani mlikuwa na mvumo, mdogo, wa mfululizo, mfano wa mvua inayonyesha kijiji cha pili. Nilipoinua jiwe, majani yalikuwa yamenyanyuliwa na povu.

Walikuja wote, na vibuyu vyao, ingawa baadhi walikuwa wamekunywa mahali kwanza kwa tahadhari. Mzee Kelestini aliketi kwenye kigoda akanyoosha goti lake. Alichungulia chungu.

“Nusu?” aliuliza. “Watu wote hawa, nusu?”

“Shikamoo, baba,” nilisema.

“Marahaba. Nusu?”

“Ipo ya kumaliza matanga. Ya kulewa tutapika siku nyingine.”

Nilichukua kata. Ilikuwa ile yenye alama ya moto, niliyoitoa kijitoni. Nikachota, nikanywa mbele yao. Ilikuwa chachu na tamu kwa pamoja, ikichomachoma ulimi, na kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima nilijisikia niko nyumbani kwangu. Nikachota tena, nikampa Dionisi kwa mikono miwili kama inavyotakiwa.

Alikuja siku ile na uso wa mtu aliyekwisha kupima shamba kwa macho. Aliipokea kata bila kuitazama, akanywa funda la kwanza haraka, amalize. Kisha akasita. Akanywa tena, polepole, macho ameyafumba. Alipoyafumbua yalikuwa na maji, na uso wake ulikuwa wa kijana mdogo.

“Maji ya Mawemawe,” alisema.

Alisema kwa sauti ya chini, ya mtu aliyesahau kwamba kuna watu. Lakini ua ulikuwa kimya ukingoja neno lake, na kila mmoja alisikia.

“Kumbe panaitwa hivyo?” niliuliza. “Mimi sikujua jina.”

Mzee Kelestini aligeuza kichwa. “Mawemawe ni wapi?”

Dionisi alishusha mkono. Akaitazama kata mkononi mwake, na nadhani ndipo alipoona ile alama ya moto.

“Ni kijito, baba. Huko juu ya mto. Kaka alikuwa akiteka maji ya pombe kule. Tulikuwa tunakwenda wote, kabla sijaoa.”

“Maji mengine yakitumika, pombe inakuwaje?”

“Wakati wa tope, yakitiwa majivu?” Dionisi aliuliza. “Kaka alikuwa akisema inalala.”

Mzee Kelestini aligeuza kigoda akamkabili Dionisi. Alipoanza kusema hakuwa tena yule mzee mwenye kiu.

“Siku ile uliinywa kabla yangu. Ulikaa hapo hapo ulipo. Ulijua yale hayakuwa maji ya kaka yako. Ukasimama mbele ya ukoo ukasema kaka amekataa.”

“Nilijua, baba,” Dionisi alisema. Kwa hilo namheshimu, hakutafuta pa kujificha. “Nilidhani hatapafikia.”

Watu walianza kuguna, na kijana mmoja alitaka kusema, mzee akamnyamazisha kwa mkono. Mimi hasira yangu ilikuwa imefika hapa kooni. Nilikuwa na maneno ya mwaka mzima, niliyapanga usiku na mchana, ya kumvua nguo mbele ya ukoo wake. Niliyatafuta yale maneno, nikakuta kinywani mwangu kuna jambo jingine.

“Kata yako bado iko kule, shemeji,” nilisema. “Ile ya uzi mwekundu.”

Alijifunika uso kwa kiganja.

“Uzi aliufunga kaka,” alisema. “Mpini ulipasuka, akaufunga. Nilimwambia atupe, akakataa.”

Nilimwonea huruma na sikutaka kumwonea, vyote viwili kwa pamoja. Nilimpokonya kata mkononi, nikachota, nikampelekea mzee Kelestini. Alikunywa mpaka chini bila kupumua, akajifuta ndevu, akawageukia watu wake.

“Teofili hakukataa kitu,” alisema. “Mjane abaki na nyumba yake na shamba lake. Matanga yamekwisha.”

Wanawake walipiga vigelegele, cha kwanza kikiwa cha Aurelia, aliyekingoja tangu siku ya chungu kupasuka. Vibuyu vikaanza kusogezwa mbele. Dionisi alikuwa anainuka ili aondoke kwa kupitia nyuma ya nyumba, nami nikamwita mbele ya wote, maana alilolisema dhidi yangu alilisema mbele ya wote.

“Shemeji Dionisi, unakwenda wapi? Alfajiri uende Mawemawe ukachukue kata yako. Na uchukue na haya madebe mawili uniletee yamejaa, yamefunikwa majani, kama alivyokuwa akileta kaka yako. Jembe linaingia shambani kwangu mwezi huu, na watu hawaji kunilimia bila pombe.”

Alisimama pale katikati ya ua, watu wote wakimtazama. Kisha akarudi, akainama, akayachukua madebe, moja kila mkono.